Nadhiri ya Ulimi

Loram, Kudus
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mbak Endah, dada yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, umelala vya kutosha, na mgongo umeacha kukusumbua tangu ulipopewa ule mkanda wa kumnyanyulia bibi. Bibi unayemtunza hajambo? Bado anakuita kwa jina la binti yake? Huku nyumbani sote ni wazima. Mama anakohoa asubuhi, lakini ni kikohozi chake kilekile cha tumbaku, kikiisha anaomba chai. Mvua zimeanza, na paa la jikoni linavuja palepale tulipoziba. Majirani wote wanakusalimu, hata yule wa kona ambaye hamsalimiani.

Utashangaa kupata karatasi. Mbak Ruroh anarudi Taiwan Jumamosi, na amekubali kuibeba pamoja na karanga alizokukaangia Mama. Tungeweza kuongea kwenye simu kama kila Jumapili, lakini unajua simu zetu zilivyo. Mama ameishika karibu na pua, wewe unamlisha bibi uji, mimi nyuma naonekana kipaji cha uso tu. Na tena unaujua ulimi wangu. Kigugumizi kiko vilevile ulivyokiacha. Herufi zilezile zinanifungia mlango, na nikiharakishwa ndiyo kabisa. Karatasi hainiharakishi. Hata hivyo nimeianza barua hii nikaiacha, nikafua, nikarudi, nikaenda kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia. Sasa nimekaa. Nakuomba uisome yote kabla hujawajibu mawakala wa kazi kuhusu mkataba wako, maana najua wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Nianzie kiwandani kwa Mama, kwa sababu mambo mengi yalipitia huko.

Mama na Bu Karti bado wanakaa benchi moja, Mama akikunja sigara na Bu Karti akikata ncha kwa mkasi. Bado wanalipwa kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Lakini ukumbi umeanza kupwaya. Mabenchi ya nyuma yamepangwa juu ya mengine, kwa sababu wanaostaafu hawapati warithi. Ukuta wa pili ni jengo la mashine, na Mama anasema siku hizi ngurumo inasikika zaidi kwa kuwa soga zimepungua. Msimamizi amewatangazia kwamba atakayebaki bila mwenzake atahamishiwa kufungasha. Bu Karti akamwambia Mama mbele ya watu wote, "Wewe, usithubutu kufa kabla yangu. Sina umri wa kuanza kubandika karatasi." Mama akamjibu kwamba hata kufa sasa inabidi aombe ruhusa.

Wasichana niliosoma nao darasa la chini hawataki kusikia habari ya kukunja. Mmoja anaendesha pikipiki ya kubeba chakula, mwingine amekwenda Batam kuunganisha vipande vya simu, na walio wengi wanataka kuuza vitu mubashara mtandaoni. Bu Karti anasema wanataka kazi yenye kioo wajione wakifanya. Nami ni mmoja wao, Mbak, ingawa mimi kioo nilikuwa nakikwepa.

Unakumbuka nilikuambia kwamba shule yetu ya ufundi ilinipeleka mafunzo kwa vitendo kwenye studio ya Mas Bagas. Ni lile ghala la zamani la mpunga nyuma ya soko, limegawanywa vyumba vyenye taa kali, na kila chumba mtu anauza. Chetu kilikuwa cha madera na mitandio. Mbele ya kamera alikaa Mbak Wening. Mimi niliwekwa nyuma, kupiga pasi, kufunga vifurushi na kujibu maswali ya wateja kwa maandishi. Mas Bagas aliponisikia nikijitambulisha siku ya kwanza, aliniangalia kwa huruma akasema, "Wewe dada tutakupa kazi ya vidole." Sikuona vibaya. Nilifurahi.

Mbak Wening ungempenda. Ana mtoto wa kiume anayemlea peke yake, na sauti yake imekwaruzika kama ya muuza samaki kwa ajili ya kazi hii. Nilimsikia akiwaambia wateja, "Mama wa Semarang, mbona unaniangalia tu kama mchumba asiye na posa? Bonyeza!" Au mtu akiuliza kama dera linaficha tumbo, anasema, "Linaficha tumbo, linaficha na deni, mume tu ndiyo utamficha mwenyewe." Akichoka ananigeukia kamera isipomwona, anatoa ulimi nje kama mbwa wa mchana, nami nampa maji. Alinifundisha kukunja mtandio uonekane mpya, na kujibu mteja mkorofi bila kumkosea adabu. Alizoea kusema kwamba mimi na yeye ni benchi moja, yeye mdomo na mimi vidole. Ndivyo Mama na Bu Karti walivyo, nikamwambia. Akasema basi mimi ndiye wa mkasi.

Mwezi uliopita Mas Bagas alinitazama nikiujaribisha mtandio mbele ya kioo, akaniambia sura yangu inakubalika kwenye kamera. Nikamwonyesha mdomo wangu kwa kidole. Akacheka, akasema hilo ndilo lisilomsumbua tena. Alikuwa amenunua programu ya akili bandia inayotengeneza mtu. Unakaa mbele ya kamera, unasoma maneno, unacheka, unageuza shingo, nayo inakuchukua. Baadaye inazungumza yenyewe kwa uso wako na sauti yako, inasoma majina ya wateja, inajibu bei na vipimo. "Ukikwama usijali," aliniambia, "kukwama tutakukata." Nilimfikiria Bu Karti na mkasi wake.

Nilisoma kwa mchana kadhaa. Nilikwama nilivyokwama. Mas Bagas aliniambia ni majaribio tu, kwamba hayatatoka nje ya studio mpaka mimi nikubali kwa maandishi, na kwa kuwa bado niko chini ya umri, mpaka Mama naye atie sahihi. Mkataba ulikuwa tayari mezani kwake, akanipa nakala niende nayo nyumbani. Ungeipa studio uso na sauti yangu kwa miaka mitano, nami ningepata malipo ya kila mwezi tangu siku nitakayomaliza shule. "Utakuwa umelala, na uko kazini," alisema. "Utakuwa harusini, na uko kazini. Nani hapa Kudus anapata kazi ya namna hiyo?"

Ndipo siku ile ya simu nilipowaambia wewe na Mama kwamba huenda nikapata kazi ya kudumu. Sikueleza ni kazi gani. Wewe ukasema kama Tyas ana kazi ya kudumu, basi wewe huongezi mkataba, unarudi nyumbani. Sijawahi kuisahau sauti yako ulipolisema lile neno nyumbani. Tangu siku hiyo sijatulia, Mbak. Nikikaa naona nisimame, nikisimama naona nimekosea njia.

Haya yanayofuata niliyajua baadaye, kwa Bu Karti.

Mas Bagas hakungoja sahihi. Siku ambazo mimi niko darasani na Mbak Wening amekwenda kumchukua mwanawe shule, alimweka hewani huyo mwingine. Pale studio walimpa jina Tyas wa Pili. Na saa hizo ndizo wanawake wa kiwandani wanafungua vyakula vyao. Bu Karti, ambaye simu yake haipitwi na kitu, alikutana naye akiuza mitandio, akapiga kelele, "We mama Tyas! Njoo umwone mwanao!"

Mama alikuja na tonge mkononi. Akaniona nimevaa mtandio wa kijani ambao sina. Akanisikia nikiongea. Niliongea moja kwa moja, Mbak, bila kushika mdomo, bila kufumba macho, maneno yakitoka kama mchele unaomiminwa. Bu Karti anasema Mama hakulimeza lile tonge. Alikaa nalo mkononi mpaka kengele ikalia.

Siku ya pili Mama aliomba amwandikie mwanawe neno. Bu Karti akampa simu, naye akaandika kwa kidole kimoja, akiniita binti kama nyumbani, "Nduk, umekula?" Tyas wa Pili akalisoma jina la Bu Karti kwa sababu simu ni yake, akatabasamu, akasema, "Asante Bu Karti, hicho kipo rangi ya hudhurungi na rangi ya maziwa, agiza sasa kitoke leo." Benchi zima likaangua kicheko. Mmoja akasema, "Umekataliwa hadharani, mama we! Mtoto akishakuwa nyota hana mama, ana wateja." Bu Karti alitaka kugombana naye. Mama alimshika mkono, akasema mwacheni mtoto afanye kazi yake, mwenye kazi hajibu habari za wali. Kisha akarudi kukunja, na Bu Karti anasema alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu anayekumbuka harusi.

Sasa Mbak, wewe huenda unajua jambo ambalo mimi sikulijua. Nilipokuwa darasa la kwanza, mwaka ule mwalimu aliponisimamisha mbele nikashindwa kutaja jina langu, Mama aliweka nadhiri. Alimwambia Mungu kwamba siku ulimi wa Tyas utakapofunguka, atapika nyama ya nyati awalishe majirani wa mtaa mzima kwenye majani ya mtiki. Hakumwambia mtu isipokuwa Bu Karti. Miaka yote hiyo aliishika.

Ijumaa ya juma lililopita nilirudi kutoka studio alasiri. Kandambili zilikuwa zimejaa mlangoni mpaka barabarani. Moshi wa jikoni, harufu ya nyama na karafuu, wanawake wamekunja mikono ya nguo. Nikamshika Bu Karti, nikamuuliza kwa shida ni nani aliyekufa.

"Hakuna aliyekufa, wewe!" akasema huku akinifuta jasho kwa kanga yake ya jikoni. "Ni ulimi wako umezaliwa."

Sikuelewa. Alinisukuma ndani. Mama alikuwa amevaa ile kebaya yake ya Idi, amepaka poda, na alinipokea kama mimi ndiye niliyetoka Taiwan. Ustadhi akasoma dua. Akaeleza kwa sauti nzuri kwamba mama huyu alimwahidi Mola wake, na leo anatimiza, kwa sababu binti yake aliyekuwa na ulimi mzito sasa anawahutubia watu wa nchi nzima. Wote wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na ndipo nilipoelewa, na nilitamani mkeka ule unikunje pamoja nao.

Halafu Mama akaniambia, mbele ya wote, "Nduk, washukuru majirani. Maneno mawili tu."

Nilisimama. Nilitaka kusema asanteni. Unalijua neno hilo linavyonitesa. Nilifungua mdomo na mlango ukafungwa. Nilisukuma, ukafungwa zaidi. Nilifumba macho, nikapiga paja kwa mkono kama zamani. Nikasikia kijiko kikianguka jikoni. Mwanamke mmoja akasema kwa wema, "Ana haya tu, mwacheni." Mwingine, yule wa kiwandani aliyemtania Mama, akasema, "Aaa, kumbe ya kwenye simu ni ya biashara, ya nyumbani ni ileile!" Watu wengine wakacheka, kisha wakajuta.

Bu Karti hakukubali. Alitoa simu akasema atawaonyesha kwa macho yao. Akaifungua, akaiinua juu. Na mimi nilikuwa pale, Mbak, nimevaa mtandio mweupe, mimi yule yule, nikisema kwa sauti yangu, "Karibuni wapenzi, leo tuna madera mapya, nani ananitazama kutoka Pati?" Wakatazama simu. Wakanitazama mimi. Wakatazama simu tena. Bibi mmoja kizee akajivuta nyuma akasema, "Audhubillahi, huyo ni jini!" na mtoto akaanza kulia. Ilibidi ustadhi mwenyewe aseme si jini, ni kompyuta, ingawa niliona naye alisogea kidogo.

Mama alichukua ile simu mkononi mwa Bu Karti, akamwangalia huyo mtu mpaka akamaliza kutaja rangi zote. Kisha akamrudishia, akawaambia wageni, "Kuleni, chakula kinapoa." Wakala haraka, macho chini, wakabeba mafungu yao wakaondoka.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa ngumu kukaa. Mama aliamka, akaenda, akarudi, akalala. Bu Karti alinisimamisha njiani akaniambia sigara za Mama zimelegea, mkaguzi amezirudisha, na kwa kuwa wao ni wawili, amemrudishia na yeye. "Mimi silalamikii malipo," alisema. "Nalalamikia ukimya. Yule mama yako ameninyamazia kama tumeachana." Nikamwambia ni kwa sababu ya nadhiri iliyopotea. Bu Karti akashika kiuno. "Ipotee wapi? Nyati ameshaliwa na mtaa mzima, na mimi nilirudia mara mbili. Mungu hadai nyama irudi chunguni."

Nilimweleza Mama siku moja tukiwa tunaosha yale majani ya mtiki yaliyobaki. Nilieleza yote: programu, mchana wa kusoma, mkataba. Ilinichukua muda, naye hakunisaidia neno hata moja, alingoja kila neno lifike. Nilipomaliza akasema haya ninayoyaandika hapa kama nilivyoyasikia, kwa sababu nayasikia hadi leo:

"Nilipaswa kujua. Nilimuuliza kama amekula, akaniuzia mtandio. Nikajisemea, basi, hata akinikana, mradi anaongea. Nikakubali kukanwa, Nduk, ili mradi unaongea."

Kisha akasema kwamba mashine ya sigara ilikuja siku nyingi, ikakaa kwenye jengo lake, na yeye akakaa kwenye lake. Ilichukua kazi, alisema, hilo halifichiki. Lakini haijawahi kwenda sokoni ikiwa imevaa uso wake.

Nilidhani ndiyo imekwisha. Lakini Mama alijifuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na kalamu. Akaniambia nilete huo mkataba. Akaniambia Endah amemaliza ujana wake akimgeuza bibi wa watu kitandani, na kama uso wa Tyas unaweza kumrudisha Endah, basi uso ni wa familia, tuutumie. Akatia sahihi polepole, herufi kwa herufi, kama anavyotia siku ya malipo.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipazunguka tangu salamu.

Nilikwenda na ule mkataba studio Jumanne. Mas Bagas alinipa kiti na soda. Nilimwambia kwanza alifanya vibaya kumtoa hewani bila ruhusa. Aliomba radhi, na nadhani alimaanisha. Yeye si mtu mbaya, Mbak. Alinieleza kwamba duka la jirani lina watu wa kompyuta wanaouza bila kunywa hata maji, na asipofanya hivyo atafunga, na sote tutakuwa nje. Wakati anaongea nilimwona Mbak Wening mlangoni ameshika begi lake na taa yake ndogo ya mezani. Alikuwa ameambiwa asubuhi hiyo kwamba saa zake zimechukuliwa. Zimechukuliwa na mimi! Aliniona, akacheka ile sauti yake iliyokwaruzika. "Unaona mambo haya?" akasema. "Nimefukuzwa na mtoto ambaye hata hayupo. Na wewe jihadhari, mdogo wangu, maana yule ni rahisi kuliko wewe."

Nilishika kalamu. Nakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Haikuwa fedha iliyokuwa inanivuta, na ingawa ni aibu kusema, haikuwa hata wewe peke yako. Siku ya kwanza Mas Bagas aliponisikilizisha huyo wa pili, niliomba airudie. Kisha nikaomba tena. Nilikaa na vile vifaa vya masikioni nikisikiliza jina langu likitoka zima, Wahyuningtyas, lote, bila kukwama, kwa sauti yangu mwenyewe. Nililia pale nyuma kwenye vifurushi. Nilijua ingemaanisha nini nikitia sahihi: huyo angekuwa ndiye Tyas ambaye watu wanamjua, na mimi ningekuwa yule anayefichwa chumbani.

Kwa hiyo nilimwomba Mas Bagas jambo moja. Nilimwomba amrudishie kukwama kwangu. Kama ni mimi, basi akwame kama mimi. Alidhani namtania. Akasema nani atanunua dera kwa mtu anayekwama? Akaanza kunimalizia maneno, kama wafanyavyo watu, na nikamwambia ngoja. Nilimwambia ngoja mara nyingi. Ilichukua muda mrefu, soda ikaisha mapovu. Nikamwambia kama huyo hawezi kukwama, basi si mimi, na amtafutie uso mwingine na jina jingine. Nikaukunja mkataba wenye sahihi ya Mama bila yangu, nikautia mfukoni, nikatoka.

Mas Bagas alimfuta Tyas wa Pili jioni ile, nilihakikisha. Sasa ana mwanamke mwingine mwenye uso wa kununua, kutoka Jakarta nasikia, ambaye si mtu yeyote. Kwa hiyo sikuokoa kazi ya Mbak Wening. Usidhani nimekuja na habari ya ushindi. Yeye tangu jana anauza madera ya shemeji yake sebuleni kwake, na mimi nimeanza kumfuata nikitoka shule. Nakaa karibu naye, ndani ya kamera. Yeye anaongea, mimi naonyesha mishono, na mara moja moja natamka kitu. Wateja wetu ni wachache. Nilipokwama mara ya kwanza waliandika, "Mbona imeganda? Mtandao wenu mbovu!" na wengine wakatoka kabisa wakidhani simu zao zimeharibika. Mbak Wening akasema mbele ya kamera, "Mtandao mzima wa afya. Huyu ni dada yenu anatafuta neno, na nyinyi tafuteni pochi zenu." Mmoja alitukana. Mmoja alinunua mawili, na akaandika kwamba kaka yake yuko kama mimi. Walimu wamekubali nimalizie mafunzo hapo, mradi Mbak Wening ajaze karatasi zao. Ni kazi? Sijui kuiita. Mwezi huu haiwezi kumrudisha mtu kutoka Taiwan.

Na hili ndilo ungamo langu. Nilipofika nyumbani Jumanne, Mama alikuwa mlangoni akaniuliza kama imekwisha. Nilitikisa kichwa kukubali. Ilikuwa imekwisha, sivyo? Lakini nilijua anachouliza. Na jana alipokupigia, bila hata kungoja Jumapili, akakuambia kila kitu kimekamilika, uache mkataba, uulize tiketi, mimi nilikuwa nyuma yake nikionekana kipaji cha uso. Nilikuona unafunika mdomo kwa mkono. Nikanyamaza. Mara hii ulimi haukufungwa na kitu chochote, Mbak. Nilinyamaza mwenyewe.

Kwa hiyo usikate jibu kwa maneno ya jana. Sina kazi ya kudumu. Nina sebule ya mtu, na mwenzangu mmoja, na wateja wanaodhani mtandao umeganda. Ukiongeza mkataba nitaelewa, na nitajua ni kwa ajili yangu. Ukirudi hivyohivyo nitafurahi mpaka niumwe. Lakini uamuzi uwe wako, juu ya jambo la kweli.

Nasikia kengele ya baiskeli ya Mama. Naiacha kalamu kidogo.

Nimerudi. Ni jioni sasa. Nimemwambia. Nilimkalisha kwenye kibaraza kabla hajavua hata viatu, nikamwambia yote, pamoja na la soda. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anipige au alie. Aliniuliza tu kwa nini nilimwacha afurahi jana. Nikamwambia kwa sababu sijawahi kumwona akifurahi vile tangu Bapak afariki. Akasema, "Furaha ya uongo nimeshaipikia nyati mara moja, Nduk. Ya pili sina chungu."

Kisha alikaa muda mrefu akikwangua tumbaku kwenye kucha. Nikamuuliza sasa nifanye nini, niimalize barua au niichane. Akaniambia niimalize na niitume. Atakupigia usiku huu, ili usisubiri karatasi, lakini anataka uipate pia, kwa sababu kuna mambo humu ambayo yeye hatayaweza. Akanyanyuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Mwandikie dada yako," akasema, "kama ni hasira, asikukasirikie peke yako. Sahihi yangu imo. Atugawie wawili."

Basi nimekuandikia kama alivyosema. Msalimie sana bibi, na binti yake wa kweli akija siku ya mapumziko. Kula vizuri, funga koti, na usinyanyue kitu bila ule mkanda. Karanga usizimalize siku moja na Mbak Ruroh. Sisi tunakuombea kila swala, na tunakungoja kwa namna yoyote utakayochagua.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Wahyuningtyas